Supu ya Mkono wa Kushoto

Nimewaonea wivu watu wengi, na kwa wengi wao nilipona. Rafiki yangu aliyekwenda chuo nilimwonea wivu muhula mzima. Akarudi likizo analalamikia chakula, ukaisha. Binti wa jirani mwenye mwandiko mzuri nilimwonea wivu mpaka alipoolewa Shimoni na sikuuona tena mwandiko wake. Lakini mtu mmoja alinishinda. Alikuwa na umri wa babu yangu, hakuwa na cheti chochote, Kiingereza chake kilikuwa cha trei na vikombe, na kwa miaka minane nilitamani kinywa chake kiwe changu.

Sote Msambweni tulimwita Mkalimani.

Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mama yangu anakaanga viazi karai kando ya banda la video, na ukuta unaotutenganisha na banda ni bati tupu. Siku nyingine za wiki mwenye banda huonyesha mpira na sinema za ngumi kwenye televisheni. Jumamosi baada ya swala ya alasiri zamu ilikuwa ya Mkalimani. Alikuja na projekta yake na sinema za zamani za Kimarekani zisizo na rangi, akawasimulia watu kwa Kiswahili yanayosemwa. Mimi nilikuwa nikimenya viazi, na kupitia bati lile nilisikia watu wakicheka kama wanaotekenywa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua kichekesho kinakuja wapi kabla sijajua aliyekuwa akichekesha ana ndevu au hana.

Hakuwa na ndevu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na shati lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi iliyosimama kama karatasi. Alifanya kazi ya uweita katika hoteli moja ya Diani miaka mingi mpaka hoteli ikafungwa, na uweita haukumtoka. Mama akimpa chai, alisimama akaipokea kwa mikono miwili, kisha akaangalia kama kisahani kimekaa sawa. Kitambaa cheupe alikilaza juu ya mkono wa kushoto hata alipokuwa akisubiri boda. Ukimwamkia "Shikamoo, mzee," alijibu kila mara, bila kukosa, "Marahaba. Mzee ni baba yako." Halafu hakucheka. Ulibaki wewe na aibu yako.

Namna yake ya kupanga banda haikuwa ya mtu mwingine. Alitundika shuka moja jeupe, zito, lililotoka hotelini, katikati ya chumba. Watu walikaa upande mmoja. Mashine aliiweka upande wa pili, nyuma ya shuka, karibu na ukuta wetu, kwa hiyo picha ilipita katika kitambaa ndipo ikawafikia watu. Alisema hivyo watoto hawawezi kucheza na mwanga kwa vidole. Yeye mwenyewe alisimama pembeni ya shuka, mbele ya watu, ameipa picha mgongo. Hakuigeukia hata mara moja. Aliwatazama watu, na maneno yakaangukia midomo ya wale waigizaji sawasawa, kama yeye ndiye anayewavuta kwa kamba.

Sinema alikuwa nazo tano, lakini watu walitaka moja. Ilikuwa ya hoteli kubwa katika nchi ya baridi. Mpishi anayechukia wageni anazusha uvumi kwamba mfalme mmoja amefika kwa siri na anajifanya mfanyakazi ili aone tabia za watu. Basi matajiri wote, kwa kuwa hawajui ni yupi, wanaanza kuwanyenyekea wafanyakazi wote. Bibi mwenye manyoya shingoni anambebea dobi kapu. Bwana mwenye miwani ya jicho moja anampangusia viatu mbeba mizigo. Mpaka mwisho mfalme hayupo. Hakuwahi kuwepo.

Mkalimani aliwapa watu wale majina. Mbeba mizigo alikuwa Juma. Bibi wa manyoya alikuwa Bi Mkubwa wa Galu. Majina ya mwanzo wa sinema yalipopita, yamegeuka ndani nje, hakuna aliyejaribu kuyasoma, kwa sababu alikuwa akisema juu yake, "Hao ni watu waliokwisha kutangulia, Mungu awape mapumziko, nasi tuendelee."

Kisha inakuja karamu ya supu. Matajiri wamewakalisha wafanyakazi nao mezani, wanawamiminia supu, wanawapangusa midomo. Hapo Mkalimani alinyamaza. Aliliacha banda linyamaze naye, akahesabu moyoni, sijui mpaka ngapi, nami nimejaribu kuhesabu mara mia na sijaipata. Kisha akasema polepole, kama anayesikitika:

"Wamefundishwa kushika kijiko mpaka kidole cha mwisho. Lakini mkono hawakufundishwa."

Na kweli, kwenye shuka, wote walikuwa wakila kwa kushoto. Bi Mkubwa wa Galu, bwana wa miwani, wote, kushoto, tena kwa madaha. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anapigwa kidole akichovya mchuzi kwa kushoto. Banda lilipasuka. "Hata Juma," Mkalimani aliongeza, "anawaiga, maskini, asije akafukuzwa kazi!" Wakapasuka tena. Mama aliyekuwa akigeuza viazi, aliyekwisha kusikia maneno yale zaidi ya mara hamsini, alicheka mpaka akapangusa macho kwa leso. "Huyu mtu ataniunguza," alisema.

Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa mzee mmoja wa Mwabungo, mfupi, kofia ya kufuma kichwani, aliyekaa benchi la mbele nafasi ya mwisho upande wa mlango. Yeye alianza kucheka kabla ya kichekesho. Supu ilipoingia tu mezani mabega yake yalishaanza kutikisika, akajiziba mdomo kwa mkono wa kanzu, kana kwamba kuna mtu alimkataza kucheka. Nilipopata ruhusa ya kuingia bandani na kuketi, sikumwangalia sana Mkalimani wala shuka. Nilimwangalia yule mzee. Nilisema moyoni, siku moja utacheka hivyo kwa neno langu.

Nieleze sasa nilivyokuwa, ili wivu huu ueleweke. Mimi nilijifunza Kiingereza peke yangu, kwa simu, baada ya kidato cha nne, nikaandika kila neno jipya daftarini kwa rangi mbili. Nikikosea herufi sikufuta. Nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Nina madaftari membamba sana. Nilikuwa nikiamka nikiwaza sentensi niliyomwambia mtu wiki iliyopita. Nilitaka kuwa mfasiri wa sinema, mfasiri wa kweli, asiyeongeza wala kupunguza. Na pale karibu, ng'ambo ya bati, alikuwapo mtu anayeongeza na kupunguza apendavyo, na watu wanamwabudu.

Kwa sababu niligundua mapema kwamba nusu ya maneno yake yalikuwa ya kubuni. Nilipata nakala yangu ya sinema ile kwenye mtandao, nikaisikiliza kwenye kompyuta niliyoazimwa na mwalimu wa jirani, mstari kwa mstari. Pale Bi Mkubwa anaposema kwa Kiingereza kwamba hajawahi kutukanwa kiasi hiki maishani mwake, Mkalimani alimsemesha, "Leo nimetukanwa mpaka na viatu vyangu!" Mimi niliandika, "Sijawahi kutukanwa kiasi hiki maishani mwangu." Langu ndilo sahihi. Nilimwambia Mama yote mawili bila kumwambia lipi la nani. Alicheka viatu, kisha akaniuliza, "Na hilo la pili ni la sinema gani?"

Siku moja nilimkabili mwenyewe, wakati akinywa chai.

"Pale meneja anapozungumza kwa haraka mlangoni, unajuaje anasema nini?"

"Sijui anasema nini."

"Sasa mbona unamsemea?"

"Najua anataka nini," alisema. "Meneja nimewajua kumi na mmoja. Wote walitaka kitu kimoja." Akageuza kikombe ili kishikio chake kiangalie kulia kwa mnywaji, kama alivyofundishwa.

"Kitu gani?"

"Kwamba isiwe kosa lao."

Nililiandika jibu lile daftarini. Kisha nikachana ukurasa, kwa sababu nilikuwa nimeandika jibu lake kwa rangi ya maneno ya kukumbuka.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na majivuno. Hakumruhusu mtu kugusa mashine yake, hata kuipangusa vumbi. Ukicheka mahali pasipostahili alikutazama mpaka ukajiuliza umezaliwa lini. Alisahihisha Kiswahili cha kila mtu, hata cha imamu, lakini yeye mwenyewe alisema "supu hii iko na chumvi" kama watu wa bara aliofanya kazi nao, na ukimshika alikana. Alikuwa bahili wa sifa. Mvulana mmoja alimwimbia kaswida nzuri, yeye akasema, "Umefika mwisho salama." Na wakati huohuo, Mama alipolazwa wiki mbili hospitalini, Mkalimani alikuja kila siku asubuhi akakaanga viazi mwenyewe, na shati lile jeupe, akawapa watu viazi kwa kitambaa mkononi, akiwauliza, "Ukwaju au pilipili, bwana?" Wateja waliongezeka. Nilimwonea wivu hata hilo.

Nilimaliza maandishi yangu ya chini kwa miezi saba. Nayaita ya chini kwa kuwa yanapita chini ya picha, lakini mimi niliyaona ya juu. Niliyarudia mara kumi na moja. Niliyachapisha Ukunda, nikampelekea kurasa arobaini ndani ya bahasha. Alivaa miwani, akasoma zote pale pale kwenye benchi la Mama, na mimi nimesimama nyuma yake nimeshika mwiko wa mafuta. Alipomaliza alizipanga zikawa sawa kona kwa kona.

"Hakuna kosa," alisema.

Nilisubiri. Alizirudisha kwenye bahasha akanipa.

Maneno mawili! Nililala nayo wiki nzima. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilisikia kilichokosekana. Basi nikamwomba kile ambacho mpaka leo nashangaa alinikubalia: Jumamosi moja aonyeshe nakala yangu, yenye maandishi yangu, naye anyamaze.

"Ninyamaze kabisa?"

"Kabisa, mzee."

"Mzee ni baba yako," alisema. Alitazama shuka lake lililokunjwa. "Haya. Jumamosi hii nitanyamaza."

Kuna jambo nililoliona kwenye kompyuta miezi ile na sikulielewa. Kwenye nakala yangu, karamu ya supu, matajiri walikula kwa mkono wa kulia. Wote. Bandani nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakila kwa kushoto. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi, ninayehesabu nukta, nilijilaumu tu: nikasema nakala yangu ina kasoro, nimepakua mbovu, nikitengeneza kitu lazima kiwe na ila. Nikaficha aibu ile nikaendelea.

Jumamosi ikafika. Banda lilijaa, Mama alizima jiko akaja mwenyewe kukaa. Mzee wa Mwabungo alikuwa mahali pake. Mkalimani alitundika shuka, akaweka mashine nyuma yake kama siku zote, akasimama pembeni, mikono nyuma. Picha ikaja. Na chini ya picha maneno yangu yakaja, meupe, safi, bila kosa, yakisomeka kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imetupa mgongo.

Watu waliinamisha vichwa upande. Kisha kijana mmoja wa boda, mtu wa bara tuliyemzoea kwa kelele, akasema, "Wee! Hii imeingia rivasi!"

"Ni Kiarabu?" mwingine akauliza.

"Kiarabu gani?" akajibu mama mmoja anayefundisha watoto Kurani. "Kiarabu na mimi tunajuana. Hicho sicho."

Wakacheka. Walicheka sana, na hicho ndicho kicheko cha kwanza nilichopata maishani. Nilihisi masikio yangu yamewaka. Katika joto lile nikaelewa kila kitu kwa mara moja: shuka, mashine nyuma, majina ya mwanzo yaliyogeuka, vijiko. Na badala ya kukaa chini nikasimama.

"Mzee!" nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba. "Umeweka mashine upande usio wake! Miaka yote hii unawaonyesha watu picha kinyume. Wale matajiri hawali kwa kushoto. Hawajawahi kula kwa kushoto! Kichekesho chako chote ni kosa, na wewe hukujua."

Hakusema kwamba mzee ni baba yangu. Nilisubiri aseme. Macho yake yalinipita yakaenda benchi la mbele, yakakaa pale kidogo.

"Kumbe," alisema.

Alikwenda nyuma ya shuka akarudi na rimoti, akabonyeza mara mbili, upesi, na picha ikageuka. Maneno yangu yakasimama sawa. Nilikaa chini na ushindi wangu. Nilitazama kila mtu isipokuwa vidole vyake.

Sinema ikaendelea. Watu walisoma, wanaoweza kusoma. Wengine waliuliza majirani. Ikaja karamu ya supu. Banda zima lilimgeukia Mkalimani. Alikuwa ameniahidi kunyamaza, akanyamaza. Kwenye shuka watu wenye nguo nzuri walikula supu kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama watu wowote. Maandishi yangu yalisema, bila kosa hata moja, "Tafadhali, niruhusu nikuongezee supu." Hakuna aliyecheka. Mzee wa Mwabungo alikuwa ameshainua mkono wa kanzu mdomoni. Aliushusha.

Baadaye nilimwona mlangoni akimwekea Mkalimani mkono begani, wakaondoka pamoja. Shuka lilikuwa limekunjwa mara nne, kama siku zote, lakini lilibaki juu ya benchi, na mashine kando yake. Hakurudi kuvichukua. Jumamosi zikawa zangu.

Niseme ukweli jinsi zilivyokuwa. Watu walikuja, kisha walikuja wachache. Nilijulikana. Nilikuwa "yule binti aliyemgundua Mkalimani." Watu walinisimulia mimi mwenyewe kisa changu sokoni: mzee mzima, maisha yake yote anaangalia sinema kinyume, mpaka kasichana ka viazi kakamwonyesha! Nilikanusha kwa unyenyekevu wa uongo. Sikuwa na kitu kingine cha kujulikana nacho. Mzee wa Mwabungo alikuja mara tatu, akatazama mpaka mwisho kwa heshima, akanishukuru. Mara ya nne hakuja.

Mama ndiye aliyenituma. Ilikuwa imepita karibu miaka miwili. Alifunga viazi kwenye gazeti, na ukwaju kwenye chupa, akasema, "Nenda Bongwe ukamwone Mkalimani. Usipeleke maneno. Peleka viazi."

Nilimkuta nje ya nyumba yake, kivulini, saa nne za asubuhi, anapiga pasi ya makaa. Amekonda. Alikuwa anapiga pasi kitambaa chake cha mkononi, kidogo vile, kwa uangalifu wa mtu anayepiga pasi kanzu ya harusi.

"Shikamoo, mzee."

Alipuliza majivu kwenye pasi. Nilidhani hatajibu.

"Marahaba," alisema. "Mzee ni baba yako. Kaa."

Nilikaa. Alikula viazi viwili, akasema ukwaju umezidi maji. Kisha akaniuliza shuka langu, alisema langu, linafuliwa na nani.

"Mimi."

"Usilianike juani moja kwa moja. Linakuwa njano. Yule aliyekuwa akilifua hotelini alikuwa akiligeuza kila robo saa." Akanyamaza. "Tulimzika mwezi uliopita."

Nikauliza ni nani.

"Unamjua. Wa Mwabungo. Alikuwa akikaa benchi lako la mbele. Yule alikuwa dobi wetu."

Sikujua. Miaka yote ile niliyomtazama mabega sikuwahi kuuliza alikuwa nani. Nilitoa rambirambi, vibaya, nikirudia neno moja mara mbili.

Akaniambia, huku akikunja kitambaa. Hotelini kila Alhamisi baada ya chakula wageni walionyeshwa sinema bustanini, kwenye shuka. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kukaa mbele na wageni. Meneja mmoja, mwema kuliko wengine, aliwaruhusu wasimame nyuma ya shuka, upande wa chumba cha dobi, mradi wasicheke kwa sauti. Walikuwa wanane. Huko nyuma ndiko walikoiona karamu ya supu, na dobi ndiye aliyeiona kwanza. Alinong'ona, "Jamani, tazameni, wanakula kwa kushoto!" Wote wanane wakajiziba midomo kwa mikono ya mashati. Asubuhi ya siku ile mgeni mmoja alikuwa amemtolea dobi maneno mbele ya watu kwa doa ambalo hakulifanya yeye.

"Wiki nyingine ikaonyeshwa tena," alisema Mkalimani. "Mimi nikatumwa mbele, nipeleke glasi. Nimebeba trei, nageuka, na supu hiyo mezani."

Alinitazama. Alikuwa anahesabu, najua sasa, ile hesabu yake.

"Mkono wa kulia. Wote. Wanakula vizuri tu."

Niliweka chini chupa ya ukwaju.

"Nikarudi nyuma. Dobi ananiuliza, haya, umeiona kwa mbele, ikoje? Nikamwambia, vile vile."

"Kwa hiyo ulijua," nilisema. "Siku zote."

"Miaka arobaini."

Hapo ndipo nilipoviona vidole vyake, miaka miwili baadaye. Mara mbili, upesi, bila kutazama. Kitufe kile cha kugeuza picha ni kidogo, hakina alama yoyote kwenye rimoti. Mimi nilikitafuta siku nzima nilipokihitaji. Yeye alikijua tangu siku aliyoinunua.

"Mbona hukusema siku ile? Nilikuita mjinga mbele ya watu."

"Ulikuwa umekasirika. Na yeye alikuwa amekaa pale." Alisogeza pasi. "Ningesema najua, naye angejua kwamba nilimdanganya tangu tukiwa vijana. Tulipotoka alinishika bega akaniambia, kumbe hata wewe hukujua, ndugu yangu. Basi. Nikaona heri tuwe wajinga wawili."

Nitaungama nilichohisi, maana nimeshaanza. Sikuhisi huruma kwanza. Nilihisi wivu. Ushindi wangu mmoja tu, kitu pekee nilichowahi kujua ambacho yeye hakukijua, nacho kilikuwa chake. Alikuwa nacho kabla sijazaliwa, na alikifanyia kitu kizuri kuliko nilivyokifanyia mimi.

"Sasa hayupo," alisema nilipoinuka. "Ukitaka kuwaambia watu, waambie. Usipotaka, shauri yako. Mimi hapa Bongwe hawanijui kwa supu, wananijua kwa kuku."

Njiani nilijua vizuri kilicho mkononi mwangu. Nikinyamaza, yeye anabaki mzee aliyetazama kinyume na mimi nabaki binti aliyemgundua. Hakuna atakayejua. Nilifika, Mama akaniuliza amesemaje, nikasema, "Ukwaju umezidi maji." Nilikaa nalo siku tano. Nilijaribu kuandika namna ya kulisema, nikachana kurasa.

Jumamosi nilitundika shuka katikati na mashine nikaiweka nyuma. Walikuja watu kama ishirini. Nilisimama pembeni, mbele yao, bila karatasi.

"Kabla hatujaanza," nilisema. "Mkalimani alikuwa anajua. Alijua kwamba wanakula kwa kulia. Alijua kabla mimi sijazaliwa." Nikawaeleza juu ya wale wanane, na glasi, na dobi aliyekaa benchi hili. Nilikosea mpangilio, dobi nilimtaja kabla ya hoteli, ikabidi nirudi nyuma. "Kwa hiyo asiyejua nilikuwa mimi."

Kisha yule kijana wa boda akapiga paja lake.

"Siste! Kumbe wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya shuka!"

Banda likapasuka. Kicheko kilinipiga kifuani, kikubwa, kile chenyewe, kicheko nilichokuwa nikikisikiliza kupitia bati tangu nina miaka kumi na sita, na kilikuwa juu yangu mimi. Nilitazama benchi la mbele, nafasi ya mwisho upande wa mlango. Hakuna aliyekaa hapo. Nilingoja wamalize. Halafu nikabonyeza, picha ikageuka ili vijiko virudi kushoto, nikaligeuzia shuka mgongo nikaanza kusema, na nilikuwa sijafika hata mlangoni pa hoteli ile wakati bati lilipogongwa kwa mwiko kutoka upande wa pili.

"Sema kwa sauti!" Mama alipiga kelele. "Huku hatusikii!"